KONA YA WALIMU: Chini ya Miguu Yetu Mawe Yanatembea

Kona yenu ya walimu imerudi tena.

Mwezi uliopita tuliandika juu ya mvua na radi. Tangu hapo, kile kisanduku cha maswali kwenye mlango wa ofisi ya shule kimejaa, na karatasi nyingi zinauliza jambo moja tu: matetemeko. Sababu tunaijua. Kuna maneno yanatembea kwenye foleni ya maji na siku ya mgao, eti wataalamu wana mashine inayoona moto chini ya ardhi, wanajua siku ambayo ziwa litapasuka, na wanaficha. Wengine wanasema wazee fulani ndio wanaotikisa ardhi usiku. Na mama mmoja ametuandikia hivi: "Bwana yangu anasema tukirudi kwetu Goma watoto watakufa na volkano. Mimi nasema amani ikija turudi. Wale wanaosoma mambo ya chini, wao wanasema nini?"

Mama, swali lako ni zito, na si sisi wa kuamua safari ya nyumba yako. Lakini tunaweza kueleza wataalamu wanajua nini, wanakijua kwa njia gani, na kitu gani hawakijui. Ukishajua hayo, wewe na bwana mtaongea vizuri zaidi. Tukae, tusome polepole.

NANI AMEFIKA HUKO CHINI?

Hakuna. Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu wamechimba liko Kola, kaskazini ya Urusi. Lilifika kilomita 12 na kidogo mwaka 1989, halafu kazi ikashindikana sababu ya joto. Sasa, kutoka hapa tulipokaa mpaka katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Kumbe hata ganda la yai hatujalitoboa!

Wataalamu wanafanya kama mama zetu. Ukitaka kujua bidoni ina maji kiasi gani bila kufungua kifuniko, unagonga pembeni. Penye maji inalia namna moja, patupu inalia namna nyingine. Na kule kliniki, daktari akimfanyia mama ekografi, hamkati tumbo. Ile mashine inatuma sauti ndani, sauti inarudi, na picha ya mtoto inaonekana.

Dunia ni kubwa mno, hakuna nyundo ya kuigonga. Ndiyo maana wataalamu wanangoja tetemeko. Tetemeko kubwa likitokea, hata kama ni Japani au Chile, dunia nzima inatingishika kidogo. Sisi hatusikii kitu, lakini mashine za kupima mitetemo zilizofukiwa ardhini zinasikia na kuandika. Mawimbi yale yamepita tumboni mwa dunia, na yakifika huku yanakuwa na habari ya njia yaliyopita.

WIMBI LA KWANZA NA WIMBI LA PILI

Watoto, huu ni mchezo wenu. Wapangeni watoto kumi mstari mmoja, kila mmoja ashike mabega ya aliye mbele. Wa nyuma kabisa asukume kidogo. Mnaona? Msukumo unakwenda mbele mpaka wa kwanza. Hilo ni wimbi la kwanza, wataalamu wanaliita P. Linasukuma na kuvuta.

Sasa chukueni kamba ndefu, watoto wawili washike huku na huku, mmoja atingishe mkono kushoto na kulia. Kamba inajinyonga kama nyoka mpaka kwa mwenzake. Hilo ni wimbi la pili, S. Lenyewe linatingisha pembeni.

Wimbi P linakimbia zaidi, ndiyo maana tunasikia kwanza mshtuko mdogo, kisha ardhi inaanza kuyumba. Na hapa kuna hesabu nyepesi. Ukihesabu sekunde kati ya wimbi la kwanza na la pili, ukazidisha kwa 8, unapata karibu umbali wa tetemeko kwa kilomita. Sekunde 10 ni karibu kilomita 80. Mkumbuke lile tetemeko la ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, la ukubwa wa 6.8, lililobomoa nyumba Kalemie na kusikika mpaka Kenya. Mtu aliyekuwa kilomita 400 mbali, kati ya wimbi lake la kwanza na la pili zilipita kama sekunde 50. Ukiwa na mashine tatu mahali tatu, kila moja inachora duara lake kwenye ramani, na pale maduara yanapokutana ndipo tetemeko lilipotokea. Basi, hakuna uchawi hapo. Ni hesabu ya darasa la sita.

Kuna siri moja zaidi. Wimbi P linapita popote, kwenye jiwe na kwenye maji. Wimbi S haliwezi kupita kwenye kitu cha majimaji, sababu maji huwezi kuyatingisha pembeni kama kamba. Kwa siri hiyo wataalamu wamegundua tabaka za dunia. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić, baada ya tetemeko karibu na Zagreb, aliona kwamba ganda la juu lina mwisho wake, na chini yake mawimbi yanakimbia zaidi. Chini ya mabara ganda hilo lina kama kilomita 30 mpaka 40. Chini yake kuna tabaka nene la mawe linaloitwa mantili, linafika karibu kilomita 2,890. Ndani zaidi kuna kiini: sehemu ya nje ni chuma kilichoyeyuka, na wimbi S linaishia hapo. Mwaka 1936 mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, alisoma mawimbi ya tetemeko lililotokea New Zealand mwaka 1929, akaonyesha kwamba katikati kabisa kuna kiini kingine, na leo tunajua hicho ni kigumu. Wasichana mnasikia? Kwa karatasi na kalamu tu aliona kilomita elfu tano chini ya miguu yake. Na aliishi miaka 104.

JIWE GUMU LINAVYOTIRIRIKA

Hapa wengi tunakosea. Tunafikiri chini ya ardhi kuna bahari ya moto, na volkano ni tundu la bahari hiyo. Hapana. Mantili ni jiwe gumu. Tunajua kwa sababu wimbi S linapita ndani yake bila shida, na tumeshasema S haipiti kwenye majimaji. Ile lava ya Nyiragongo inatoka sehemu ndogo tu ambako jiwe la moto limepanda juu, uzito uliokuwa unalibana umepungua, na kidogo chake kimeyeyuka.

Lakini jiwe hili gumu linatembea. Namna gani? Fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukueni mshumaa, uwekeni juu ya makopo mawili kama daraja, muuache kwenye jua kali la mchana. Jioni mtaukuta umepinda katikati. Haukuyeyuka, hakuna tone lililoanguka, na ukiugonga bado ni mgumu. Ni joto na muda tu. Barafu ya mlima Ruwenzori ni hivyo pia. Ni ngumu, unaweza kuikanyaga, lakini inateremka mlima polepole.

Mantili ina joto kubwa, limebaki tangu dunia ilipoumbwa, na jingine linatolewa na madini yaliyomo ndani ya mawe yenyewe. Jiwe la moto ni jepesi kidogo, linapanda. Jiwe la baridi ni zito, linashuka. Ni kama maharagwe kwenye sufuria: ya chini yanapanda katikati, yanageuka, yanashuka pembeni. Tofauti ni mwendo. Mantili inakwenda sentimita chache kwa mwaka, kama ukucha wa kidole chako unavyoota. Utasema ni kitu gani hicho, sentimita tatu kwa mwaka? Hesabu miaka milioni moja. Ni kilomita 30. Miaka milioni kumi ni kilomita 300. Mabara yanabebwa na mwendo huo, na milima na maziwa yetu ni kazi yake.

MAJANI YALIYOLALA

Sasa swali gumu. Kama ni sentimita chache kwa mwaka, na ni chini kilomita mia mbili au mia tatu, nani anaona jiwe linakwenda upande gani?

Mmeona mvua kubwa ikipita kambini, maji yanashuka kwenye bonde na kuondoka. Asubuhi maji hayapo, lakini majani yote yamelala upande mmoja. Mtoto mdogo akiyaangalia atakwambia maji yalikwenda wapi. Katika mantili, majani yetu ni chembe za madini ya kijani yanayoitwa olivini. Katika mawe mengine ya volkano ukiangalia vizuri unaona chembe za kijani kama vipande vya chupa, ndizo hizo. Chembe ya olivini ina urefu wake wa ndani, na upande mmoja wake unapitisha mtetemo haraka kuliko pande nyingine. Jiwe likitiririka kwa muda mrefu, chembe zinalala, na ule upande wa haraka unaelekea kule mtiririko unakokwenda.

Wimbi S likipita humo linagawanyika mara mbili. Fikirini shamba la mihogo lenye matuta. Ndugu wawili wanatoka pamoja. Mmoja anafuata mfereji kati ya matuta, mwingine anayaruka matuta moja moja. Wote wanafika, lakini anayeruka anachelewa. Wimbi nalo ni hivyo, ingawa mfano si sawa kabisa: sehemu inayotingisha sambamba na chembe zilizolala inafika mbele, sehemu inayotingisha kukata chembe inafika nyuma. Kuchelewa kwenyewe ni kama sekunde moja, mara nyingine pungufu. Sekunde moja! Lakini mashine inaiona. Upande anaotingisha yule wa kwanza unaonyesha chembe zimelala wapi. Muda anaochelewa wa pili unaonyesha hilo tabaka lililolala ni nene kiasi gani, au chembe zimelala sawasawa kiasi gani.

Wataalamu wanapenda hasa wimbi linalotoka mbali sana, mfano Japani, likashuka kama S, likapita kwenye kiini kama P, likatoka upande wetu likiwa S tena. Safari hiyo inachukua zaidi ya dakika 20. Likitoka kwenye kiini linakuwa kama limeoshwa, linatingisha upande mmoja tu unaojulikana. Likifika juu limegawanyika, basi tunajua limegawanyikia huku kwetu njiani, si kule Japani. Mnaona akili ya watu?

CHINI YA KWETU KUNA NINI?

Tuje nyumbani sasa. Sisi tuliotoka Goma, Bukavu, Uvira, Fizi na Kalemie, na ndugu zetu wa Bujumbura na Rumonge, tumezaliwa juu ya Bonde la Ufa. Tawi la magharibi linashuka kutoka ziwa Albert, linapita Edward, Kivu, na Tanganyika lenyewe, lenye kina cha karibu mita 1,470. Tawi la mashariki linapita Ethiopia, Kenya na kaskazini ya Tanzania. Katikati ya matawi hayo kuna jiwe la zamani sana, gumu na la baridi, ambalo Tanzania ya kati imelala juu yake.

Mwaka 1994 na 1995 wataalamu wakiwemo wa kundi la Andrew Nyblade kutoka Marekani waliweka mashine 20 nchini Tanzania. Walikuta kwamba chini ya lile jiwe la zamani mawimbi yanakimbia mpaka chini ya kilomita 200, maana yake jiwe lina mzizi mrefu na wa baridi. Lakini chini ya matawi ya Bonde la Ufa mawimbi yanachelewa, kama mtu anayetembea kwenye matope. Huko jiwe ni la moto zaidi.

Na moto huo unatoka wapi? Mwaka 1999 Jeroen Ritsema na wenzake walichora picha ya dunia nzima kwa mawimbi. Picha hiyo ilionyesha kitu kikubwa mno chini ya Afrika ya kusini, kinaanzia kwenye mpaka wa kiini, karibu kilomita 2,900 chini, kina upana wa maelfu ya kilomita, na kinapanda kikiinama kuelekea kaskazini-mashariki, mpaka kufika chini ya Afrika ya Mashariki. Ndani yake mawimbi S yanapita polepole. Wataalamu bado wanabishana kama ni shina moja au matawi mengi, na kama ni joto tu au hata aina ya jiwe ni tofauti.

Halafu mwaka 2013 Brian Bagley na Nyblade walipima yale mawimbi yaliyogawanyika, kwenye vituo vingi vya Afrika ya Mashariki. Matokeo: majani yamelala! Sehemu kubwa chembe zinaelekea kaskazini-mashariki, sawa na upande ambao kile kitu kikubwa kinainamia. Na karibu na jiwe la zamani la Tanzania, mwelekeo unageuka, unalizunguka. Ni kama mto ukikuta jiwe kubwa katikati: maji hayapandi juu yake, yanapita kando. Mtiririko wa kutoka kusini-magharibi unapita chini yetu, unakutana na mzizi wa lile jiwe, unazunguka.

Kwa hiyo mtu akikuambia kuna wazee wanaotikisa ardhi, mwambie hivi: nguvu inayotikisa ilianza safari chini ya Afrika ya kusini, kabla hajazaliwa binadamu yeyote. Hakuna bibi wa mtaani mwenye mkono wa kufika huko. Tunaomba sana, na tunaandika kwa herufi kubwa: MTU ASIPIGWE WALA KUFUKUZWA BLOKI KWA SABABU YA TETEMEKO.

SASA, WANAJUA SIKU?

Hapana. Na hawafichi. Hakuna mtaalamu popote duniani anayeweza kusema tetemeko litatokea siku fulani saa fulani. Mtu akitaja tarehe, anadanganya, hata kama amevaa miwani.

Sababu ni hii. Chukua fimbo kavu, ipinde polepole. Unajua itavunjika, unaweza hata kuona mahali itakapovunjikia. Lakini ni sekunde gani italia "kaa!"? Hujui. Mantili inapinda, ganda la juu ndilo linavunjika. Mawimbi yanatuambia fimbo inapindwa upande gani. Saa ya kuvunjika hayatuambii. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa Rusizi na Nyamasheke kule Rwanda, Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Hakuna aliyejua Jumamosi.

Volkano ni tofauti kidogo. Lava ikitafuta njia ya kupanda, inapasua mawe madogo madogo, na mashine zinasikia. Kabla ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, mashine chache zilizokuwapo zilikuwa zinaonyesha mitetemeko inaongezeka tangu 2001. Lava iliingia Goma mpaka ziwani, watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Lakini mwaka 2021 ilikuwa vingine. Tarehe 22 Mei dalili zilionekana muda usiofika saa moja kabla ya lava kutoka. Siku zilizofuata mitetemeko mamia na picha za satelaiti zilionyesha lava ikipita chini ya mji wenyewe mpaka chini ya ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei mitaa 10 ya Goma iliamriwa kuhama, na mamia ya maelfu wakakimbilia Sake, Rwanda na kwingine. Lava ya pili haikutoka. Watu wakarudi.

Wengine wanasema walihamishwa bure. Sisi hatukubali. Mashine zilisema kweli kwamba lava iko chini ya nyumba. Kama ingepanda au isingepanda, hapo ndipo elimu ya leo inapoishia. Ukiambiwa nyoka yuko chini ya kitanda, unatoa watoto kwanza. Kama hakuuma, unashukuru Mungu, humlaumu aliyekuambia.

Kwa mama aliyetuuliza: wanaosoma mambo ya chini wanasema hivi. Nyiragongo ni hai, italipuka tena siku moja, kama ilivyofanya 1977, 2002 na 2021. Siku haijulikani. Kati ya milipuko hiyo mitatu imepita miaka 25 na miaka 19, na watu walilea watoto na kulima katika udongo ule mzuri. Kama siku moja mtarudi, ulizeni mambo matatu: nyumba iko kwenye njia ambayo lava ilipita zamani? Barabara ya kukimbilia ni ipi? Na kituo cha kuangalia volkano cha Goma kina mashine zinazofanya kazi mwaka huo? Hayo ndiyo ya kujadili na bwana.

TUFANYE NINI HAPA KAMBINI?

Hapa pia ardhi hutingishika mara moja moja. Hema haliui mtu. Kinachoua ni ukuta wa tofali mbichi na bati lililobanwa kwa mawe. Kwa hiyo:

1. Kama uko nje, baki nje. Kaa mbali na kuta, miti mikubwa na nguzo za tanki la maji.

2. Kama uko ndani na mlango uko karibu, toka. Kama mlango uko mbali, ingia chini ya meza imara, jikunje, ukinge kichwa na shingo kwa mikono.

3. Usilaze watoto chini ya ukuta wenye ufa au chini ya mawe ya juu ya bati. Leo hii mwangalie, msingoje.

4. Ardhi ikitulia, zima moto wa jikoni. Mitetemeko midogo hufuata nyuma ya kubwa, usikimbilie kurudi ndani kuchukua sufuria.

5. Darasani, walimu tutahesabu watoto uwanjani. Wazazi msije kuvuta mtoto dirishani, mnaweza kuwakanyaga wengine.

NENO KWA VIJANA

Vijana mnatuambia: "Mwalimu, hisabati ya mawimbi itatusaidia nini hapa kambini?" Tuwajibu. Wataalamu wa dunia wanatoka mbali, wanalipa ndege, wanakuja kupima ardhi ambayo nyinyi mmezaliwa juu yake. Kituo cha Lwiro karibu na Bukavu kimekuwa kikisoma mitetemeko tangu wakati wa Wabelgiji, na Wakongomani wanafanya kazi hiyo huko na Goma. Katikati ya miaka ya 2000 mradi unaoitwa AfricaArray ulianza kufundisha vijana wa Kiafrika kusoma mawimbi haya, na kuweka vituo katika nchi nyingi. Kazi yenyewe inataka hisabati, fizikia na subira. Subira sisi wakimbizi tunayo. Hisabati njooni tufundishane, Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, darasa la mwisho karibu na kisima.

MASWALI YA WATOTO

1. Wimbi gani haliwezi kupita kwenye majimaji, P au S?

2. Mashine imesikia wimbi la kwanza, kisha la pili baada ya sekunde 25. Tetemeko liko umbali gani?

3. Jiwe la mantili likitembea sentimita 4 kwa mwaka, katika miaka 100 litakuwa limetembea mita ngapi?

4. Fanya lile jaribio la mshumaa, chora ulichokiona asubuhi, mchana na jioni.

Andikeni majibu na jina la darasa lenu, mtie kwenye kisanduku kabla ya mwisho wa mwezi. Watakaopata yote tutawapa daftari na kalamu, kama kawaida. Mwezi ujao, kwa maombi ya wazee wa bloki ya chini, tutaandika juu ya maji: yanatoka wapi kwenye kisima, na kwa nini wakati wa kiangazi yanapungua.

Muwe na amani nyumbani, na mlale mbali na ukuta wenye ufa.

Walimu wenu wa kujitolea